Pini kwenye Upinde wa Baba

Mikutano mitatu! Mikutano mitatu mizima kwa ajili ya pini moja ya kushonea! Katika muda huo huo mimi nilishona magauni sita ya arusi, arusi zote sita zikafungwa, na mmoja wa wale mabibi arusi tayari alikuwa na mimba inayoonekana, na komite ya wapiga upinde wa Naviundu bado ilikuwa "inachunguza". Pini yenyewe ina urefu wa kidole changu kidogo. Nilitaka kulia, nilitaka kupiga mtu, nikabaki nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikikunja kitambaa mapajani.

Acha nianze mwanzo, usije ukasema Mama Gracia ni mgomvi tu. Mgomvi ni kweli, sikatai, lakini safari hii nilikuwa na haki.

Jina langu ni Honorine Bwalya. Ni fundi wa kushona, mashine yangu iko Katuba, karibu na shule, na wote wananiita Mama Gracia kwa sababu ya binti yangu wa kwanza. Baba yangu, mzee Bwalya, alifariki mwezi wa tano mwaka jana. Sukari ilimla polepole: kwanza vidole vya miguu, halafu macho, mwishowe figo. Aliacha nyumba ambayo wadogo zangu walikuwa wameshaikalia, aliacha redio inayoshika steshoni moja, na aliacha upinde wake.

Upinde huo aliuchonga mwenyewe kabla sijazaliwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini, kila Jumapili baada ya misa, alikwenda nao Naviundu, kwenye kiwanja kilicho juu ya mto, kupiga na wenzake. Usifikiri walikuwa wanawinda. Wawinde nini, panya wa soko? Walikuwa wanapiga gunia lililojazwa vitambaa na kufungwa kati ya nguzo mbili, na vitambaa vyenyewe vilitoka kwangu, mabaki ya mashine. Wanaume wazima, wastaafu wa reli, mafundi seremala, walimu, wanapiga gunia na kusema wanalinda asili. Sawa. Kila mtu na starehe yake. Baba alikuwa na furaha pale kuliko mahali pengine popote, na mimi nilikuwa naona.

Sasa, kikundi kile kina desturi. Mwanachama akifa, watu wanaangalia upinde utakwenda kwa nani. Sisi ukoo wetu unafuata upande wa mama, mali ya mwanaume inakwenda kwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo kama mambo yangeachwa tu, upinde ungekwenda kwa Emery, mtoto wa shangazi yangu. Lakini desturi ya kiwanja inasema mtoto wa marehemu akiutaka upinde, aupige mbele ya wote kabla mwaka haujaisha. Mishale mitano, hatua thelathini. Mitatu ikishika gunia, upinde ni wake na ukoo unyamaze. Isiposhika, mpwa auchukue.

Na Emery alitaka kuufanyia nini? Ana baa kule Kipushi. Siku ya matanga, watu bado wanakula, alinisogelea na sahani yake ya bukari, ugali wetu, akaniambia, kwa lile "Ya" la kumheshimu dada mkubwa: "Ya Honorine, ule upinde nitautundika juu ya friji, bateja bauone." Juu ya friji! Upinde wa baba yangu, juu ya chupa za bia! Sahani niliyoshika ilitaka kuruka yenyewe. Emery si mtu mbaya, hilo ndilo linalochosha kwake. Ni mtu wa kusema neno kama hilo huku anatabasamu, akiamini amekupa heshima.

Basi nikasema upinde nitaupata. Na nikaanza kujifunza.

Wewe ambaye hujawahi kushika upinde, utafikiri unafumba jicho moja, unalenga, unaachia. Hapana. Kwa wale wa Naviundu hulengi kabisa. Unatazama gunia, unavuta, na mkono "utajua wenyewe". Ndivyo Papa David, mwenyekiti wao, alivyonifundisha siku ya kwanza: "Usiangalie mushale, mama. Mukono utajua." Nikamuuliza utajua lini. Akafikiri, kwa sababu ni mtu anayefikiri kabla ya kukuudhi, akasema: "Myaka kumi hivi." Miaka kumi! Na mimi nilipewa mwaka mmoja, na miezi mitatu ilikuwa imekwisha kwa matanga na karatasi za marehemu.

Nikavuta, nikaachia, mkono haukujua kitu. Mishale yangu ilikwenda mtoni, ilikwenda kwa jirani anayelima mboga, mmoja ulishika shina la mpapai na bado uko pale. Miezi minne hivyo. Ndipo nikafanya kama ninavyofanya dukani nguo inapokataa kukaa: niliweka pini.

Nilichukua utepe wa kitambaa kigumu, nikauzungusha kwenye mti wa upinde, juu kidogo ya mahali pa kushika, nikaushona kwa uzi wa jinzi usitembee. Kando yake nikachomeka pini yenye kichwa chekundu. Ukivuta, unaona kichwa chekundu na unaona gunia. Unaweka chekundu juu ya gunia, unaachia, basi. Nilipandisha na kushusha pini ile siku nyingi, asubuhi za Jumanne na Alhamisi kabla ya kufungua mashine, peke yangu kiwanjani, nikisimama mahali pa baba, kwenye tofali.

Tofali hilo lilikuwa limezikwa nusu kwenye udongo, na baba alikuwa akisimama hapo, mguu wa kushoto ukiligusa. Miaka minne ya mwisho mimi ndiye niliyempeleka kila Jumapili, maana macho yake yalikuwa hayaoni vizuri barabara. Alikuwa mkubwa wao, akipiga wa kwanza, mishale yake mitano, kisha nilimrudisha nyumbani kwa sababu ya sukari: saa sita lazima ale. Wengine wakipiga, sisi tulikuwa tumeshaondoka. Kwangu mimi, tofali lilikuwa ndiyo mstari. Je, nilihesabu hatua? Sikuhesabu. Baba amesimama pale, mimi nihesabu nini?

Mwezi wa pili, nikisimama kwenye tofali na pini yangu, nilikuwa nashikisha mishale minne kati ya mitano. Minne! Nilirudi Katuba nikiimba ndani ya basi mpaka mtu akaniuliza nimeokoka kanisa gani.

Halafu Clovis, katibu wao, akaiona pini.

Mkutano wa kwanza walitumia saa mbili kukubaliana kwamba ile kweli ni pini. Wa pili haukufika mwisho, mvua ilinyesha. Wa tatu ndio uliotaka kuniua. Walikuwa saba, chini ya paa la bati la Clovis, na rejista ya kikundi juu ya meza, ile kubwa yenye jalada jeusi, ambamo kila mshale wa kila Jumapili umeandikwa: jina, hatua ngapi, mingapi ilishika. Wale wazee wanaandika kila kitu. Mtu akikohoa wanaandika.

"Mama Gracia," Papa David akaanza, "upinde wa bankambo, babu zetu, haukuwa na kintu ya kuongoza jicho. Njo maana tunauita upinde wa asili."

"Na hii kamba ya nailoni," nikamuuliza, "bankambo balipata soko gani?"

Walitazamana. Pinde zote pale, kila mmoja una kamba ya nailoni.

"Kamba ni kamba," Clovis akasema.

"Na hii mabawa ya mushale yako, ya njano? Si umekata bidon ya mafuta ya kula? Nkambo yako alikuwa na bidon?"

"Ile haisaidie jicho, mama. Pini inasaidia."

"Inasaidia, ndiyo! Kila kintu kwa upinde kinasaidia! Upinde mwenyewe ni wa kusaidia! Hautaki musaada, kamata mushale na mukono uutupe!"

Hapo kila mmoja akamleta babu yake. Mmoja alisema babu yake alipiga macho yote mawili wazi. Wa pili akasema si kweli, asili ni kufumba la kushoto. Mwingine babu yake alikuwa anashika pumzi, mwingine babu yake alikuwa anaimba. Wakagombana saa nzima, babu na babu, na hakuna mababu wawili waliopatana kwa neno hata moja, isipokuwa wote, kumbe, walikuwa wameikataa pini yangu. Walikufa kabla haijatengenezwa, lakini waliikataa.

Papa David peke yake ndiye aliyesema neno la maana. Alingoja kelele zishuke. "Mama, sikia. Ukiangalia pini, unaona pini. Sisi tunapenda kati ya muntu na gunia kusikuwe kintu. Ni vile tu." Neno lilikuwa zuri, na liliniudhi kuliko yote kwa sababu lilikuwa zuri.

"Papa David," nikamwambia, "unipe myaka kumi, na miye nitatoa pini. Uko nayo? Unaweza kunipa?"

Emery, aliyekuwa amekaa mlangoni kama mwenye shauri, akainua mkono. "Mi sina shida na pini," akasema. "Apige nayo. Akikosa, naenda na upinde." Ndiyo hivyo Emery anavyokutetea.

Basi wakaamua. Clovis aliandika, kisha akatusomea kwa sauti ya misa: pini inakubaliwa kwa muda, Mama Gracia atapiga nayo Jumapili ya mwisho ya mwaka wa marehemu, baada ya kupiga, komite itaendelea kuchunguza kama mishale iliyopigwa na pini ni mishale ya kuhesabiwa.

"Ngoja," nikasema. "Nipige kwanza, nishikishe, na kisha munikalie tena mukutano juu ya kujua kama nilishikisha?"

"Voilà," Clovis akasema, ameridhika kabisa.

Nililala siku tatu kichwa kinaniuma.

Jumapili ilifika. Nilikuja na upinde, pini mahali pake, uzi wa jinzi umekaza. Komite nzima ilikuwepo na mashati yao ya misa, Emery alikuwa ametoka Kipushi na koti, na Clovis alikuwa anamwaga mstari wa chokaa chini. Nikatazama mstari. Nikatazama tofali. Mstari ulikuwa nyuma sana ya tofali, mbali, karibu na njia ya watu.

"Clovis, unamwaga chokaa wapi?"

"Pa mustari, mama."

"Mustari iko pa tofali!"

Akamtazama Papa David. Papa David akatazama mto. "Mustari ni hapa," akasema polepole. "Hatua makumi tatu. Toka zamani."

Damu ilinipanda. Nikasema moyoni, ndiyo hivi sasa: pini imewashinda kwenye karatasi, wanahamisha kiwanja. Lakini nilijua nikianza kugomba watasema nimekataa kupiga, na mwaka ungeisha, na upinde ungepanda gari la Kipushi. Desturi inakupa mishale miwili ya kupasha mkono, isiyohesabiwa. Nikasimama kwenye chokaa, nikavuta, nikaweka kichwa chekundu juu ya gunia kama siku zote, nikaachia.

Mshale ukachoma nyasi, mbali kabla ya gunia. Wa pili hivyo hivyo.

"Mumeona?" Clovis akasema. "Njo ile tulisema. Pini haijue kintu."

Hapo nilipasuka. Nimeishi kwa kipimo miaka ishirini na mitano. Mteja akiniambia gauni limebana, na futi yangu ni ile ile, najua si futi iliyonenepa. "Hii pini niliishona na mukono yangu!" nikapiga kelele. "Haijatembea! Pa tofali inashika mine kwa mitano, muulize ule wa mboga ananionaka kila juma! Kama pini haijatembea, ni mustari njo ulitembea! Emery! Kuya hapa. Hesabu."

"Mi?"

"Weye. Weye njo unataka upinde, hawatasema ulinipendelea. Hesabu."

Emery akasimama kwenye chokaa, akahesabu kwa sauti mpaka kwenye gunia. Thelathini kamili. Nikamwambia arudi, ahesabu kutoka kwenye tofali. Akahesabu. Kumi na tisa. Alishangaa, akarudia kwa hatua ndogo kama mtu anayewasaidia wenzake, akapata ishirini na moja.

Miezi mitatu nimekaa na watu wale, na kwa mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyekuwa na babu.

"Nani aliweka tofali hapa?" nikauliza.

Papa David akavua kofia. "Ni miye, mama."

"Sababu ya nini?"

"Macho ya baba yako iliisha kabla hata sisi tujue. Jumapili moja akapiga mitano, hakuna mushale hata moja ulishika. Akasema ni upepo. Jumapili ya pili, upepo tena. Na upepo haukukuwa, mama. Ya tatu nikamushika mukono, nikamusogeza mbele kidogo, nikamwambia, mzee, mustari ni hapa. Juma yenye ilifuata, mbele tena. Kisha nikaweka tofali, ili muguu yake ikuwe inapata nafasi yenyewe."

"Myaka ngapi?"

"Ine."

Miaka minne. Nikamgeukia Clovis, ambaye alikuwa ameikumbatia rejista kifuani kama mtoto mgonjwa. "Na weye uliandika ngapi? Hatua ngapi uliandika?"

"Makumi tatu," akasema chini chini.

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, mama."

Sijui niliyoyasema hapo yote, na mengine hayafai kurudiwa na mtu aliyetoka misa. Najua niliwauliza asili yao ilikuwa wapi miaka minne ile. Niliwauliza kama tofali la kuchoma lilikuwa kwenye upinde wa bankambo. Nikawaambia pini yangu mliikalia mikutano mitatu, na hapa mlikuwa mnamdanganya baba yangu kila Jumapili, mbele yangu, kipofu wa watu, mnamchezea kama mtoto!

"Hatukumudanganya," Papa David akasema.

"Hamukumudanganya!"

"Alijua, mama."

"Alijua nini?"

"Ile siku ya kwanza," Papa David akasema, "alienda kuchomoa mishale yake yeye mwenyewe, unajua hakutaka muntu amuchomolee. Muntu ametembea hii njia zaidi ya myaka makumi tatu, atakosa kujua ni fupi? Akarudi, akanikamata shati pembeni, nikasema leo atanipiga. Akasema: David, acha vile. Mutoto wangu njo ananileta sasa. Sipendi anione nikikosa."

Nilikuwa nimeshika upinde. Nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira mahali ilipokuwa dakika ile ile, sikuiona. Machozi yalitoka tu, mbele ya wanaume saba na Emery, na sikuwa na hata kitambaa, fundi mzima wa nguo.

Na unajua walifanya nini, watu wale? Kwa dakika moja waliruhusu kila kitu! Mambo yaliyoshindikana miezi mitatu yaliisha nikijipangusa na mkono wa blauzi. Piga pa tofali, mama, akasema mmoja. Njo pa baba yako, akasema mwingine. Tutaandika makumi tatu, akasema Clovis, na kuhusu pini, pini gani, yeye haoni pini. Haoni pini! Mtu aliyenijazia kurasa nane za rejista kwa pini!

Ningependa kukuambia niliringa, nikarudi kwenye chokaa, nikashusha pini kwa kipimo kipya na kupiga thelathini mbele ya macho yao. Sikufanya hivyo. Kutoka thelathini sikuwa nimewahi kushikisha hata mmoja, na nilitaka upinde. Nikaenda kwenye tofali, nikaweka mguu wangu wa kushoto pale mguu wake ulipokuwa, nikavuta. Minne ikashika. Mmoja ulikwenda kwa yule wa mboga.

"Kaa, mama, nitakuchomolea," Emery akasema.

"Acha."

Nikaenda mwenyewe. Nikahesabu. Kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi, na mishale mkononi. Ni njia fupi sana, hata mtoto angejua ni fupi. Kila Jumapili kwa miaka minne mzee alitembea hatua hizi akijua ni ngapi, na nyuma yake mimi nilikuwa nimesimama napiga makofi na vigelegele, nikimwambia "Baba, umewashinda wote leo!", na yeye alikuwa anageuka ananipungia mkono. Alinipungia mkono kila mara. Hakusahau hata siku moja.

Nilipofika, Clovis alikuwa ameshafungua rejista juu ya goti. Ameandika: Honorine Bwalya, upinde wa marehemu baba yake, hatua thelathini, minne kati ya mitano. Nikafunua nyuma, na kurasa kwa kurasa lilikuwamo jina la baba. Thelathini, thelathini, thelathini.

"Tia sahihi hapa, mama. Emery atatia kama shahidi."

"Pini iko wapi?"

"Mama Gracia..."

"Umeandika kurasa nane za pini. Leo nimepiga nayo, haiko. Andika pini."

"Tukiandika pini," Papa David akasema kwa upole, "itabidi mukutano tena. Wengine hawajakubali. Unaweza kukosa upinde, mama, na uko nao kwa mukono. Acha vile."

"Sikia, Papa David. Ile makumi tatu ni ya baba yangu, siiguse, muiache vile iko. Lakini pini ni yangu. Miye sikuwa na macho mabaya, sikuwa na upepo, nilikuwa na pini, na munaandika pini. Mukitaka kunikatalia, munikatalie sasa, hapa, tukiwa tumesimama! Mukutano mwingine sitakuja. Nimechoka na ninyi!"

Walitazamana tena, jinsi wanavyojua kutazamana. Kisha wote wakamtazama Emery. Kwa desturi yao, mpwa akitia sahihi, shauri limekwisha. Akisema neno moja pale, pini au hatua, lolote, upinde ungekuwa wake, na angekuwa na haki, maana ni yeye aliyehesabu kwa miguu yake mwenyewe.

Emery akamsogelea Clovis. "Ya Honorine," akasema, "weye hata ukipewa kintu bure unagombana." Akamnyang'anya Clovis kalamu, akaandika yeye mwenyewe, herufi kubwa, kando ya jina langu: NA PINI. Halafu akashuka mahali pa shahidi.

"Emery," Papa David akamwambia, "ujue unatia sahihi ya nini."

"Najua. Mujomba alipiga makumi tatu. Ya Honorine alipiga makumi tatu na pini." Akatia sahihi bila kuinua kichwa. "Mi njo nilihesabu."

Akanipa kalamu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, mengine nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ya matanga, na hakuna hata moja lililofaa. Nikatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha nikachukua upinde wa baba yangu, nikawaambia wote wanipishe.